Mediator: Kidonge cha Kisukari Kilichomezwa kwa Ajili ya Unene

Mediator ni jina la biashara la benfluoreksi, kidonge cha miligramu 150 kilichouzwa katika maduka ya dawa ya Ufaransa kuanzia mwaka 1976 hadi Novemba 2009. Kwenye kibali cha serikali kilikuwa dawa ya kusaidiana na mlo maalumu kwa watu wenye mafuta mengi kwenye damu, na baadaye kwa wagonjwa wa kisukari wenye uzito uliozidi. Mitaani kilikuwa kitu kingine. Wanawake waliotaka kurudisha mwili baada ya kujifungua, wanaume waliochoshwa na vitambi, na hata watu ambao hawakuwa wanene wa kutibiwa, walikwenda kwa daktari wa familia wakatoka na cheti cha Mediator. Katika miaka hiyo 33 watu wapatao milioni 5 walikitumia, na maboksi kama milioni 145 yaliuzwa. Idadi ya waliokufa kwa sababu yake ilikuja kubishaniwa mahakamani, lakini hakuna hesabu ya kitaalamu iliyoshuka chini ya mamia.

Kumwandikia mgonjwa dawa kwa jambo ambalo haikusajiliwa si kosa kwenyewe. Mamlaka ya dawa humpa mtengenezaji kibali cha kuuza na kutangaza dawa yake kwa ugonjwa fulani na kwa dozi fulani. Haimfungi daktari mikono. Dawa nyingi za watoto hutumika hivyo, kwa kuwa zilijaribiwa kwa watu wazima tu, na wagonjwa wengi wa saratani wamepata nafuu kwa dawa zilizosajiliwa kwa saratani ya kiungo kingine. Daktari anayefanya hivyo anabeba mwenyewe jukumu la kupima faida na hatari. Kwenye unene hesabu hiyo imekosewa mara nyingi kwa zaidi ya karne moja, na njia ya kukosea imekuwa karibu ileile. Dawa yenye kazi nyingine inaonekana kuwakondesha wanaoitumia. Kukonda kunageuka kuwa ndiyo kazi yake. Kisha madhara yanatafutwa kwa wagonjwa wa ule ugonjwa ulioandikwa kwenye boksi, wakati wanaoimeza ni watu wengine kabisa.

Desturi hiyo ni ya zamani kuliko Mediator. Mwaka 1891 George Murray, daktari wa Newcastle nchini Uingereza, alimtibu mgonjwa ambaye tezi yake ya thairoidi ilikuwa imekufa nguvu kwa kumchoma sindano ya majimaji ya tezi ya kondoo. Tiba ilifaulu, na wagonjwa wa namna hiyo walipokuwa wakipona, miili yao iliyovimba ilipungua upesi. Haikupita miaka mingi kabla ya dawa ya tezi kuanza kupewa watu wanene ambao tezi zao hazikuwa na tatizo lolote. Walikonda kweli. Lakini moyo ulienda mbio, mikono ikatetemeka, usingizi ukatoroka, na sehemu ya kilichopungua ilikuwa nyama ya misuli.

Dinitrofenoli haiingii sawasawa katika habari hii, maana haikuwa dawa ya ugonjwa wowote. Ilikuwa kemikali ya kutengenezea vilipuzi. Inatajwa kwa sababu iliwazoeza watu wazo kwamba kilo zinaweza kuunguzwa kwa kidonge. Wafanyakazi wa viwanda vya silaha vya Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa wakiivuta na kuishika kila siku, walitokwa na jasho, wakapata homa, wakakonda, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1933 Maurice Tainter na Windsor Cutting wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kuwa inaulazimisha mwili kuunguza chakula na kukitoa kama joto tupu. Kufikia mwaka uliofuata Tainter mwenyewe alikadiria kwamba Wamarekani wasiopungua 100,000 walikuwa wameshaitumia. Vijana wa kike walianza kupata mtoto wa jicho, ugonjwa uliozoeleka kwa wazee, na sheria mpya ya vyakula na dawa ya mwaka 1938 ikawapa wakubwa wa Marekani nguvu ya kuiondoa sokoni.

Iliyofungua biashara kubwa ilikuwa amfetamini. Ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930 kwa jina la Benzedrine, kwanza kama dawa ya kuvuta ili kuzibua pua, kisha kama kidonge cha watu wenye ugonjwa wa kusinziasinzia mchana. Madaktari waliona kuwa wanaoitumia wanasahau chakula, na mwaka 1938 Mark Lesses na Abraham Myerson wa Boston waliandika juu ya kuitumia kwa unene. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaibuka nchini Marekani kliniki zisizotibu kingine chochote. Zilitoa vidonge vya rangi za kupendeza, kila mteja na mchanganyiko wake: amfetamini ya kukata njaa, dawa ya usingizi ya kutuliza amfetamini, dawa ya tezi, dawa ya kukojoza, dawa ya kuharisha, na hata dijitalisi, dawa ya wagonjwa wa moyo, ambayo hapa ilikuwa ikipewa watu wenye moyo mzima. Katika mchanganyiko huo karibu kila kiungo kilikuwa na kazi nyingine halali. Dijitalisi huku mwili ukipoteza madini ya potasiamu kwa kukojoa na kuharisha ni njia ya mkato ya kuvuruga mapigo ya moyo, na ndivyo walivyokufa baadhi ya wateja.

Mwaka 1968 mwandishi wa jarida la Life, Susanna McBee, mwanamke mwembamba, alizunguka kwa madaktari 10 wa aina hiyo akijifanya mteja. Alirudi na vidonge zaidi ya 1,400. Mwaka huohuo kamati ya Baraza la Seneti chini ya Philip Hart iliwaita wahusika kuhojiwa, na biashara ya vidonge vya rangi ikaanza kufifia.

Ufaransa ilipita njia yake. Huko kulikuwa na kampuni ya Jacques Servier, mfamasia na daktari aliyezaliwa mwaka 1922, ambaye mwaka 1954 alinunua kiwanda kidogo cha dawa mjini Orléans chenye wafanyakazi wachache na kukigeuza kuwa moja ya kampuni kubwa za dawa za nchi hiyo. Watafiti wake walitafuta kitu kinachokata njaa kama amfetamini bila kumfanya mtu akeshe na kuwa mraibu. Walichopata kilikuwa fenfluramini, tawi la ukoo wa amfetamini, ambayo badala ya kuchangamsha humsababisha mtu kujisikia ameshiba kwa kufungulia ubongoni serotonini, kemikali inayopeleka taarifa kati ya seli za neva. Iliuzwa Ufaransa tangu miaka ya 1960 kwa jina la Ponderal. Mwaka 1985 ikaja ndugu yake aliyesafishwa zaidi, deksifenfluramini, kwa jina la Isoméride.

Katika miaka hiyohiyo ya 1960 Ulaya ilipata onyo ambalo lingetosha. Dawa nyingine ya kukata njaa, aminoreksi, iliuzwa Uswisi, Austria na Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1965. Hospitali za nchi hizo zikaanza kupokea wagonjwa wengi ajabu wa shinikizo la damu la mapafu, ugonjwa adimu ambao mishipa ya mapafu hukaza na kuwa minene, upande wa kulia wa moyo ukasukuma damu kwenye njia iliyoziba mpaka ukachoka. Mgonjwa huanza kwa kuhema akipanda ngazi, halafu anahema akivaa viatu. Aminoreksi iliondolewa mwaka 1968 na wimbi la wagonjwa likashuka. Tangu hapo kila daktari wa mapafu barani Ulaya alijua kwamba dawa za kukata njaa zinaweza kuua kwa njia hiyo.

Benfluoreksi ilizaliwa katika nyumba ya Servier. Kwa muundo wake ni fenfluramini iliyoongezewa kipande, na baada ya kumezwa mwili hukata kipande hicho. Kinachobaki kuzunguka kwenye damu ni norifenfluramini, kemikali ileile inayobaki mtu akimeza Ponderal au Isoméride, na kwa kiasi kinachokaribiana. Mtu aliyemeza vidonge vitatu vya Mediator kwa siku, dozi ya kawaida, alikuwa na norifenfluramini mwilini kama jirani yake wa Isoméride. Tofauti ilikuwa kwenye karatasi. Servier iliiombea benfluoreksi kibali kama dawa ya kurekebisha mafuta na sukari, na kwa miaka zaidi ya 30 ikashikilia kwamba si dawa ya kukata njaa.

Kibali hicho kilikuwa na thamani. Dawa ya kupunguza uzito ingelipiwa na mnunuzi mwenyewe. Dawa ya kisukari ilirudishiwa asilimia 65 ya bei na bima ya afya ya taifa. Wawakilishi wa kampuni waliopita kwa madaktari walizungumzia wagonjwa wa kisukari wanene, na daktari aliyemsikiliza mwakilishi huyo asubuhi alikuwa na mgonjwa mnene asiye na kisukari mchana. Hakuna aliyelazimika kusema uongo waziwazi. Mgonjwa alikuwa mnene, sukari yake labda ingepanda siku moja, na dawa ilisifiwa kuwa nyepesi, isiyo na balaa la amfetamini. Cheti kiliandikwa. Duka la dawa halikuuliza ugonjwa, kwa sababu cheti cha Ufaransa hakiandikwi ugonjwa.

Mambo yalianza kuharibikia upande wa fenfluramini. Katika hospitali ya Antoine-Béclère huko Clamart, pembezoni mwa Paris, kulikuwa na kituo kikuu cha nchi cha shinikizo la damu la mapafu. Mwaka 1993 François Brenot na wenzake walitangaza kwamba sehemu kubwa isiyo ya kawaida ya wagonjwa wao walikuwa wametumia fenfluramini. Utafiti wa nchi kadhaa ulioongozwa na Lucien Abenhaim, uliochapishwa mwaka 1996, ulithibitisha kuwa dawa hizo zinaongeza hatari ya ugonjwa huo mara nyingi. Mwaka 1995 Ufaransa iliwekea dawa za kukata njaa masharti makali. Katika uamuzi huohuo wa mwaka 1995 kuna jambo ambalo wakaguzi wa baadaye hawakuweza kulipita: benfluoreksi ilipigwa marufuku kutumiwa na wafamasia kwenye dawa wanazochanganya wenyewe dukani, kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ya kukata njaa, lakini boksi la Mediator, lenye benfluoreksi hiyohiyo, likaachwa rafuni. Unga ulikatazwa, kidonge kikaruhusiwa.

Upande wa pili wa Atlantiki hadithi hiyo ilienda kwa kasi zaidi. Mwaka 1992 Michael Weintraub wa Chuo Kikuu cha Rochester alichapisha matokeo ya jaribio la watu 121 waliopewa fenfluramini pamoja na phentermini, dawa nyingine ya njaa. Kila moja ilikuwa na kibali chake Marekani, fenfluramini tangu mwaka 1973 na phentermini tangu 1959, kwa matumizi ya wiki chache. Kuzichanganya na kuzitumia miaka mfululizo hakukuwa na kibali chochote. Mchanganyiko huo ukaitwa fen-phen, kliniki zikafunguliwa kwenye maduka makubwa, na mwaka 1996 vyeti milioni 18 viliandikwa. Mwaka huohuo Isoméride ikapata kibali Marekani kwa jina la Redux.

Julai 1997 Heidi Connolly na wenzake wa Mayo Clinic walitangaza wanawake 24 waliotumia fen-phen ambao valvu zao za moyo zilikuwa zimeharibika. Wengi wao walikuwa wa umri wa kati, na baadhi walilazimika kupasuliwa. Madaktari wa upasuaji waliokata valvu hizo waliona kitu walichokifahamu kutoka kwa wagonjwa wa uvimbe adimu wa utumbo unaomwaga serotonini kwenye damu. Kuta nyembamba za valvu, zinazopaswa kupepea na kufunga kila moyo unapopiga, zilikuwa zimefunikwa na utando mzito mweupe unaong'aa, na nyuzi zinazozishikilia zilikuwa zimenenepa na kufupika. Valvu iliyo hivyo haifungi hadi mwisho. Damu inayotakiwa kwenda mbele inarudi nyuma. Maelezo ya kemia yalifuata mwaka 2000: norifenfluramini inagusa kipokezi cha serotonini kilichoko kwenye seli za valvu na kuziamuru zizidi kukua. Si fenfluramini iliyomezwa inayofanya kazi kubwa ya uharibifu huo, bali kile kinachobaki baada ya mwili kuikata, yaani kile ambacho Mediator nayo ilikiacha.

Tarehe 15 Septemba 1997 fenfluramini na deksifenfluramini ziliondolewa sokoni Marekani, na Ponderal na Isoméride zikaondolewa Ufaransa. Mediator ikabaki. Sehemu ya waliokuwa wakitumia Isoméride walihamia kwenye kidonge pekee cha ukoo huo kilichobaki. Mwaka 1998 madaktari washauri wa mifuko ya bima ya afya waliiandikia mamlaka ya dawa wakilalamika kuwa Mediator inatumika kupunguza unene. Uchunguzi wa bima katika mkoa wa Bourgogne ulikuwa umekuta kwamba theluthi moja hivi ya vyeti vilikuwa nje ya kibali. Mwaka 1999 Georges Chiche, daktari wa moyo wa Marseille, aliripoti mgonjwa mwenye valvu zilizoharibika aliyekuwa akitumia Mediator. Mwaka huohuo ilipatikana ripoti ya shinikizo la damu la mapafu. Kamati za mamlaka zilikutana, zikaomba taarifa zaidi, zikaahirisha. Nchini Hispania dawa hiyo ilitoka sokoni mwaka 2003 na Italia mwaka uliofuata, baada ya mamlaka za huko kuuliza maswali. Jarida la Prescrire, linaloandikwa na madaktari na wafamasia wa Ufaransa bila matangazo ya kampuni za dawa, lilikuwa limeishambulia tangu zamani. Mediator iliendelea kuuzwa.

Sababu ya kuchelewa huko haikuwa rushwa tupu, ingawa mahakama baadaye ilikuta wataalamu wa mamlaka waliokuwa wakilipwa na kampuni pembeni. Mfumo wa kuripoti madhara ulitegemea daktari ashuku dawa. Mwanamke wa miaka 50, mnene, mwenye moyo unaovuja, alikuwa na maelezo mengine tele: uzee, unene wenyewe, homa ya baridi yabisi aliyoipata utotoni. Kwenye faili aliandikwa anatumia dawa ya sukari, au hakuandikwa kabisa, kwa kuwa kidonge cha kupunguza mwili hakikuonekana kuwa dawa ya kutaja mbele ya daktari wa moyo. Zaidi ya hayo, valvu kuvuja ni jambo la kawaida hospitalini, tofauti na shinikizo la damu la mapafu, ambalo uadimu wake wenyewe hupiga kengele.

Aliyeunganisha vipande alikuwa Irène Frachon, daktari wa mapafu katika hospitali ya chuo kikuu ya Brest, mji wa bandari magharibi kabisa mwa Ufaransa. Alikuwa amepata sehemu ya mafunzo yake Antoine-Béclère na kuwaona kwa macho yake wagonjwa wa Isoméride. Mwaka 2007 alipokea mwanamke mnene mwenye shinikizo la damu la mapafu aliyekuwa akitumia Mediator, akakumbuka kile alichowahi kukisoma kuhusu ukoo wa dawa hiyo. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ya mafaili. Pamoja na daktari wa moyo Yannick Jobic na wenzao, alipekua rekodi za hospitali kutafuta wagonjwa ambao valvu yao kuu ya kushoto ilikuwa inavuja bila sababu inayojulikana, kisha akatafuta kila mmoja alikuwa akitumia nini. Kwa kila mgonjwa waliwekwa watu wawili wa kulinganishwa naye ambao valvu zao zilivuja kwa sababu inayofahamika. Kati ya wagonjwa 27 wasio na sababu, 19 walikuwa wametumia benfluoreksi. Kati ya watu 54 wa kulinganishwa, ni 3 tu.

Hesabu ndogo kama hiyo inaweza kubishiwa, na ilibishiwa. Ile iliyofuata haikuwa rahisi kuibishia. Alain Weill wa bima ya afya ya taifa alikuwa na kitu ambacho mamlaka ya dawa haikuwa nacho: kumbukumbu za malipo ya Wafaransa wote, kila boksi lililorudishiwa fedha na kila kitanda cha hospitali kilicholipiwa. Alichukua wagonjwa wa kisukari zaidi ya milioni 1 na kuwatenganisha waliopewa Mediator, 43,000 hivi, na wasiopewa. Waliopewa walilazwa kwa valvu kuvuja mara tatu zaidi, na walipasuliwa kubadilishiwa valvu karibu mara nne zaidi. Hawa walikuwa wagonjwa wa kisukari, yaani watu walioitumia ndani ya kibali. Hoja ya kwamba madhara ni ya wale wanaoitumia ovyo ilikufa hapo. Lakini waliomeza nje ya kibali, ambao hawakuhitaji dawa yoyote, ndio waliokuwa wengi katika miaka ya mwisho.

Tarehe 30 Novemba 2009 mamlaka ya dawa ilisimamisha uuzaji. Wakati huo watu kama 300,000 walikuwa bado wanaitumia. Miezi michache nyuma, Julai 2009, Rais Nicolas Sarkozy alikuwa amemvika Jacques Servier daraja la juu kabisa la nishani ya Légion d'honneur.

Habari ingeweza kuishia hapo, dawa moja ya zamani imeondolewa kimyakimya. Juni 2010 Frachon alichapisha kwa shirika dogo la Brest kitabu kiitwacho Mediator 150 mg, chenye swali chini ya jina lake juu ya idadi ya waliokufa. Servier ilikwenda mahakamani, na mahakama ya Brest ikaamuru swali hilo liondolewe kwenye jalada. Kitabu kikauzwa kikiwa na nafasi hiyo imefutwa, jambo lililokitangaza kuliko tangazo lolote la kulipia. Januari 2011 mahakama ya rufaa ya Rennes ikatengua amri hiyo. Kufikia wakati huo mamlaka ya dawa yenyewe ilikuwa imejibu swali. Novemba 2010 ilitangaza makadirio ya vifo visivyopungua 500 tangu mwaka 1976, hesabu iliyofanywa na mtaalamu wa takwimu za magonjwa Catherine Hill. Watafiti wengine walifika 1,300, na wataalamu wa mahakama wakakadiria kati ya 1,500 na 2,100 kwa muda mrefu.

Januari 2011 wakaguzi wa serikali wa masuala ya jamii walitoa ripoti iliyosomwa nchi nzima. Walisema dawa ingepaswa kuondolewa tangu mwaka 1999, na kwamba kampuni iliificha asili ya benfluoreksi tangu mwanzo huku mamlaka ikishindwa kuiona. Mamlaka hiyo, iliyoitwa Afssaps, ilivunjwa na kuundwa upya mwaka 2012 kwa jina la ANSM. Sheria ya Desemba 2011 iliwalazimisha wataalamu kutangaza malipo wanayopata kutoka kampuni za dawa. Iligusa pia desturi yenyewe: daktari wa Ufaransa anayeandika dawa nje ya kibali anatakiwa kumweleza mgonjwa hivyo na kuandika kwenye cheti kuwa matumizi hayo yako nje ya kibali. Fungu la umma la fidia lilifunguliwa mwaka huohuo wa 2011, na wagonjwa wakaanza kupanga foleni ya kipimo cha moyo cha ultrasaundi, wengi wao wakiwa na maboksi matupu ya zamani kama ushahidi, maana bila kuonyesha kwamba umeandikiwa dawa hiyo hukuwa na kesi.

Kesi ya jinai ilianza Paris Septemba 2019. Jacques Servier hakuwepo. Alikuwa amefariki Aprili 2014. Machi 2021 mahakama iliikuta kampuni na hatia ya udanganyifu mkubwa na ya kuua na kujeruhi bila kukusudia, ikaipiga faini ya euro milioni 2.7. Jean-Philippe Seta, aliyekuwa mtu wa pili katika kampuni, alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka minne. Mamlaka ya dawa ilitozwa euro 303,000 kwa kuchelewa kuchukua hatua. Watu wengi waliona faini ya kampuni kuwa ndogo mno ukilinganisha na mauzo ya miaka 33, na mahakama ya rufaa ilielekea kukubaliana nao: Desemba 2023 iliipandisha hadi euro milioni 9.17, ikaikuta kampuni na hatia ya utapeli iliyokuwa imeondolewa awali, na kuiamuru irudishe zaidi ya euro milioni 415 kwa mifuko ya bima iliyokuwa ikirudishia wateja asilimia 65 ya bei ya dawa ambayo, kwa maoni ya mahakama, isingepata kibali kama ukweli wake ungesemwa.

Wakati kesi hiyo inaendelea, dawa nyingine ya kisukari ilikuwa imeanza kupita njia hiyohiyo. Semaglutidi, sindano ya mara moja kwa wiki ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark, ilipata kibali Marekani Desemba 2017 kwa jina la Ozempic, kwa kisukari cha aina ya pili. Inaiga homoni ya utumbo inayotolewa baada ya kula, inapunguza mwendo wa chakula tumboni na kuuambia ubongo kwamba umeshiba. Tofauti na Mediator, ufanisi wake juu ya uzito haukufichwa. Jaribio la watu 1,961 lililochapishwa Februari 2021 lilionyesha kuwa waliotumia dozi kubwa walipoteza wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68, na Juni mwaka huo dozi hiyo ikapata kibali cha unene kwa jina la Wegovy. Lakini Wegovy ilikuwa adimu na ghali, na Ozempic ilikuwa tayari rafuni. Kuanzia mwaka 2022 wagonjwa wa kisukari katika nchi nyingi walienda dukani wakakuta sindano zao zimekwisha. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani.

Ufaransa ilijibu kwa namna ya nchi iliyoungua. ANSM na bima ya afya walianza kufuatilia kumbukumbu za malipo kutafuta wanaopewa Ozempic bila dalili ya kisukari, kwa kutumia njia ileile ya Weill, safari hii dawa ikiwa bado inauzwa. Tangu Februari 2025 daktari anayeandika dawa za kundi hilo kwa kisukari anatakiwa kujaza fomu inayothibitisha kuwa mgonjwa anaingia ndani ya kibali. Bila fomu hiyo mfamasia anatoa dawa, lakini mgonjwa harudishiwi fedha. Kwa Wegovy mlango ulifunguliwa badala ya kufungwa. Mwanzoni ni mabingwa wa unene na kisukari tu walioruhusiwa kuianzisha, na tangu Juni 2025 daktari wa kawaida wa familia naye anaweza kuiandika, kwa jina lake na kwa kazi yake, na mnunuzi analipa mwenyewe.